Santuri ya 1934 na rili tatu zisizoachana

Mpiga fidla akianzisha rili, muziki wa dansi wa haraka, iitwayo Tarbolton mahali popote wanapokutana wapenzi wa muziki wa jadi wa Ayalandi, iwe Galway, Boston au Melbourne, wenzake hawaulizani itafuata ipi. Raundi ya mwisho ikikaribia kwisha, mwenye filimbi anavuta pumzi, mwenye akodiani anahamisha vidole, na wote kwa pamoja wanaangukia The Longford Collector. Hiyo nayo ikishazunguka mara zake, inapokewa na The Sailor's Bonnet, yaani kofia ya baharia. Muulize kijana aliyeketi pembeni na banjo yake kwa nini zinafuatana hivyo, naye atakujibu kwamba ndivyo zinavyopigwa tangu zamani.

Zamani hiyo ina mwaka wake, 1934. Ina mji wake, New York. Na ina mwenyewe: Michael Coleman, mpiga fidla aliyeziweka rili hizo tatu, kwa mpangilio huohuo, kwenye upande mmoja wa santuri ya kampuni ya Decca.

Nimeisikiliza santuri hiyo mara nyingi mno, na kila nikiisikiliza nazidi kuamini kwamba neno "jadi" tunalitumia kwa uvivu. Tunalisema kana kwamba kila kilichomo humo kilipokewa kutoka kwa mababu, kikachujwa na vizazi, kizuri kikabaki na kibaya kikaanguka. Rili hizi hazikupita kwenye chujio hilo. Ni nzuri, sikatai. Lakini Ayalandi ina rili kwa maelfu, na zilizo nzuri sawa na hizi, ambazo hazipigwi na mtu nje ya kijiji chake, ni nyingi. Zilizoinuka ziliinuliwa na santuri, na santuri ilikwenda kwa hesabu ya soko, ya bei na ya dakika.

Kwa asiyeijua rili: ni muziki wa kuchezea dansi, wa mwendo wa haraka, wenye mapigo yanayohesabika kwa mbili au nne. Kwa kawaida ina sehemu mbili, kila moja ya mapigo 16, na kila sehemu hurudiwa kabla ya kuhamia nyingine. Raundi nzima humalizika kwa nusu dakika na ushei. Haina maneno. Chimbuko la mtindo wenyewe ni Uskoti, ukavuka bahari na kuingia Ayalandi mwishoni mwa karne ya 18, na huko ukapendwa kupita yote. Hata jina Tarbolton ni la kijiji cha Ayrshire, Uskoti, kilekile ambacho mshairi Robert Burns na rafiki zake walianzishia chama cha mijadala cha makapera mwaka 1780. Kwa hiyo muziki ambao leo unahesabiwa kuwa Uayalandi wenyewe una jina la Kiskoti na ulirekodiwa Marekani. Mimi sioni aibu yoyote katika hilo. Muziki ni msafiri, na mwenye nyumba ni yule aliyempokea akamlea.

Coleman alizaliwa mwaka 1891 jirani na Killavil, kusini mwa kaunti ya Sligo, eneo ambalo kila njia ilikuwa na nyumba ya mpiga fidla. Mwaka 1914 akahamia Marekani. Hakuwa peke yake: James Morrison, aliyezaliwa 1893, na Paddy Killoran walitoka pande hizohizo za Sligo na wote wakaishia New York. Watatu hao ndio waliokuja kujaza santuri za muziki wa Ayalandi katika miaka ya 1920 na 1930. Sligo haikuchaguliwa na mtu kuwa kipimo cha fidla. Ilitokea tu kwamba watu wake waliokuwa na vidole vyepesi walikuwa karibu na studio wakati studio zilipokuwa zikitafuta watu.

Na kwa nini studio ziliwatafuta? Hapa lazima nimtaje mwanamke ambaye hapewi haki yake. Ellen O'Byrne DeWitt alikuwa na duka New York, akiwauzia wahamiaji wenzake kutoka Ayalandi. Wateja walikuja kuuliza muziki wa kwao, naye hakuwa nao wa kuwauzia, maana kilichokuwepo kilikuwa nyimbo za jukwaani za kuigiza Uayalandi. Mwaka 1916 akaiendea kampuni ya Columbia. Akaahidi kwamba wakirekodi muziki halisi wa dansi, yeye atanunua nakala 500 kwa mkupuo. Wakarekodiwa Eddie Herborn na James Wheeler kwa akodiani na banjo, nakala zikaisha, na kampuni zikashtuka kuona kumbe kuna soko. Mfanyabiashara huyo na hesabu yake ya nakala 500 ana nafasi katika historia ya muziki huu sawa na mpigaji yeyote. Asingebisha hodi Columbia, huenda Coleman angepiga fidla yake majukwaani na kwenye kumbi za dansi za wahamiaji, akazeeka, na sisi tusingemjua.

Coleman alianza kurekodi mwaka 1921. Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi wa 1929, na biashara ya santuri ikaporomoka. Decca ya Marekani ilianzishwa katikati ya hali hiyo, mwaka huohuo wa 1934, na mkakati wake ulikuwa mmoja: kuuza kwa senti 35 wakati wengine waliuza kwa 75. Tarbolton ilitoka katika kipindi hicho. Kibarua wa ujenzi kutoka kaunti ya Mayo au Leitrim aliyekuwa akihesabu senti zake aliweza kuinunua, akaifunga vizuri kwa karatasi na nguo, akaitia kwenye kifurushi cha kwenda nyumbani.

Sasa tuje kwenye dakika, maana humo ndimo siri ilimolala.

Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba muziki wa dakika tatu, ukizidi ni kidogo. Katika nyumba ya kijijini, mpigaji alikuwa na muda wote wa dunia. Alishika rili moja akaizungusha mpaka wachezaji watosheke, mara nane, mara kumi, na kila mzunguko akaigeuza kidogo, hapa anaongeza pambo, pale anapunguza. Mbele ya kipaza sauti cha studio mambo yalibadilika. Rili moja iliyorudiwa mara sita ingemchosha mnunuzi aliyeketi sebuleni bila kucheza. Rili tatu, kila moja mara mbili, zinajaa dakika tatu bila kubaki wala kupungua, na mnunuzi anapata vitu vitatu kwa senti 35. Mpangilio wa rili tatu tunaouona leo kuwa ni wa asili kabisa unalingana na kipenyo cha sahani ya lakri.

Linganisha na kitabu. Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alichapisha mwaka 1903 mkusanyo wa tuni 1,850, na mwaka 1907 mwingine wa tuni 1,001 za dansi. Wapigaji waliuheshimu mkusanyo huo wa pili hata wakauita kwa ufupi "Kitabu". Lakini humo kila rili imesimama peke yake, na namba yake na jina lake, haina mke wala mume. Kitabu kinakupa noti, kinakuachia wewe kuamua kasi, mapambo na kipi kifuate kipi. Santuri haikuachii kitu. Inakupa noti, kasi, pumzi, mkono wa upinde, na mwenzi wa ndoa.

Na ndoa hii Coleman aliifunga kwa ufundi ambao sitaki mtu aupuuze. Isikilize kwa makini. Kwanza ni mkwaruzo wa sindano, halafu fidla inaingia bila salamu. Tarbolton imejengwa juu ya noti ya E yenye kiza kidogo, si huzuni kamili, ni kama mtu anayesimulia jambo zito huku anatembea haraka. Juu ya noti ndefu Coleman anafanya lile zungusho la vidole: noti inaguswa, kidole cha juu kinadonoa, cha chini kinadonoa, noti inarudi, yote kabla hujapepesa jicho. Upinde nao unatupia vijinoti vitatu vya kukatika pale ambapo mpigaji mwingine angeweka kimoja. Kisha, bila kupunguza mwendo, anavuka kwenda The Longford Collector katika G, na ni kama mtu amefungua dirisha katika chumba chenye moshi. Ukishazoea mwanga huo, The Sailor's Bonnet inaingia katika D, ambapo fidla hulia kwa uwazi zaidi kwa sababu nyuzi zake mbili za kati ni D na A zenyewe. Kiza, dirisha, uwanja. Mwenye sikio la kupanga hivyo alijua anachofanya, na nadhani hata bila santuri mtu aliyemsikia akipanga hivyo usiku mmoja angeenda nao mpangilio huo nyumbani.

Ila angeenda nao mmoja, pengine wawili. Santuri zilikwenda kwa maelfu ya watu wasiojuana.

Vifurushi kutoka Marekani vilifika vijijini na kufunguliwa mbele ya jirani wote, gramafoni ikawekwa mezani, ufunguo ukazungushwa. Waliotaka kujifunza waliinua sindano na kuirudisha palepale, mara ishirini, mara thelathini, mpaka mfereji ukalika. Wengine walipunguza kasi ya gramafoni ili wamkamate Coleman akiwa mwendo wa kobe, na sauti nayo ikashuka, ikabidi walegeze nyuzi wamfuate huko chini. Zipo pia simulizi za wapiga fidla wa vijijini ambao baada ya kumsikia walizitundika fidla zao ukutani wasiziguse tena. Hizo hunisumbua. Mtu aliyekuwa akitosha kabisa kwa harusi zote za parokia yake alijiona ghafla hafai, kwa kulinganishwa na mtu mmoja aliyeko ng'ambo ya bahari, aliyerekodiwa siku yake nzuri.

Mwaka 1935 serikali ya Dublin ikapitisha sheria ya kumbi za dansi za umma iliyotaka kila dansi iwe na leseni, na dansi za majumbani zikaandamwa na polisi na mapadri. Jiko lililokuwa shule ya muziki likanyamaza. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Tarbolton kutoka. Ule mlango wa kusikia muziki kwa jirani ulipofungwa, mlango wa gramafoni ulikuwa umekwisha kufunguka.

Lakini jambo ambalo naliona kuwa lilizifunga rili hizi tatu kabisa lilitokea London. Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana wa Ayalandi walimiminika Uingereza kujenga barabara na nyumba zilizobomolewa na mabomu. Jioni walikutana kwenye baa za Camden Town na Kentish Town, na humo ndimo kikao cha muziki cha baa kama tunavyokijua leo kiliposhika mizizi. Fikiria meza hiyo. Mmoja katoka Kerry, amekulia kwenye polka. Mwingine katoka Galway, mwingine Sligo, mwingine Clare. Kila mmoja ana rili za kwao alizofundishwa na mjomba wake, na kila rili kwao ina mikunjo yake ambayo mwenzake haijui. Wapige nini pamoja? Walipiga kile ambacho wote walikisikia kabla ya kujuana: santuri za Coleman, Morrison na Killoran. Mtu akianza Tarbolton meza nzima inaingia, na kwa kuwa wote waliijua kutoka upande uleule wa santuri ileile, walijua pia inapoishia na inapopokewa. Hapo santuri ilikuwa imegeuka lugha ya mawasiliano kati ya watu wa lahaja mbalimbali, na kama ilivyo kwa lugha yoyote ya mawasiliano, lahaja za nyumbani zikaanza kuonekana za kishamba.

Wapo wanaolia kwamba santuri iliua mitindo ya maeneo. Nalia nao nusu njia tu. Kwa Donegal, kaskazini, kawaida husifiwa usafi wa mtindo wake, upinde mkavu usio na mapambo mengi ya Sligo, na John Doherty wa ukoo wa mafundi bati waliozunguka vijiji hutajwa kama mlinzi wake. Ni mpigaji mkubwa, hakuna ubishi. Lakini wapiga fidla wa Donegal nao walisikiliza santuri, za mpiga fidla Mskoti James Scott Skinner, na wakachota humo bila kuomba radhi. Hakukuwa na kisiwa ambacho sindano ya gramafoni haikukifikia. Kilichopotea, kwa maoni yangu, ni wingi wa namna. Palipokuwa na namna hamsini za kupanga rili na kuzipinda, zikabaki tano, kisha moja ikaitwa sahihi.

Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry, palionyesha kwamba kurekodi kunaweza kufanywa vingine. Pádraig O'Keeffe, mwalimu wa shule aliyeacha darasa na kugeuka mwalimu wa fidla wa kutembea nyumba kwa nyumba, hakwenda New York wala studio. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Séamus Ennis alimfuata yeye na wanafunzi wake wawili ndugu, Denis Murphy na Julia Clifford, akiwa na mtambo wa kurekodi wa BBC, akawarekodi ndani ya baa mjini Castleisland. Ukisikia kanda zile baada ya kusikia Decca ya 1934 utatambua tofauti mara moja. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Fidla mbili zinapishana, moja juu nyingine chini, na muziki unabaki na ukubwa wa chumba ulimopigwa. Laiti mitambo ya aina hiyo ingetembea vijijini miaka 30 mapema, tungekuwa na Ayalandi pana zaidi masikioni mwetu.

Kuna ushahidi mmoja ambao huwa naurudia katika mabishano. Mwaka 1975 kundi la The Bothy Band lilitoa albamu yake ya kwanza, na kipande cha mwisho ni seti ya rili tatu: The Salamanca, The Banshee, kisha The Sailor's Bonnet. Kofia ya baharia imeachana na Tarbolton, imeolewa kwingine, na haikupungukiwa na kitu. Kwa kasi ile na zumari la kiriba likiunguruma chini, inasikika kama tuni nyingine kabisa. Kizazi kilichokulia miaka ya 1970 kiliipokea ndoa hii mpya na mpaka leo wapo wanaoipiga hivyo. Lakini tazama vizuri kilichoivunja ndoa ya kwanza. Ni santuri nyingine. Miaka 41 ilipita, vikao kwa maelfu vikafanyika, na kilichohitajika ili rili moja ipate jirani mpya ni kampuni nyingine kuuza sahani nyingine.

Coleman alifariki New York mwaka 1945, akazikwa Bronx, bila kurudi kuishi Ayalandi. Karibu na alikozaliwa pana mnara wa mawe unaomwita mwokozi wa muziki wa jadi wa Ayalandi, na mjini Gurteen kuna kituo cha muziki chenye jina lake. Mwaka 1992 santuri zake zilisafishwa sauti na kutolewa upya kwenye CD, na leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisikia Tarbolton ile akiwa kwenye daladala. Simnyang'anyi heshima hiyo. Ninachopinga ni kule kuichukua dakika zake tatu kuwa ndiyo picha nzima ya muziki uliompa yeye mwenyewe uhai.

Maana nyumbani kwao alikuwapo kaka yake, Jim. Watu wa Killavil waliowasikia wote wawili walimhesabu Jim kuwa mpigaji mkubwa, na Michael mwenyewe alimheshimu hivyo. Michael fidla alizikuta mikononi mwa watu kama Jim, katika jiko la nyumba ile, kabla ya meli na kabla ya Columbia na Decca. Jim hakurekodiwa. Akipiga rili, alimaliza raundi ya mwisho, akainua upinde, na ile aliyoichagua kufuata ikasikika kwa waliokuwamo chumbani usiku huo.